Mmea Unavyojifunza Kustahimili Joto



Kila nikikutana na sura mpya kwenye vikao vyetu nikaulizwa nasoma nini, nikijibu kwamba nasomea jinsi seli za mimea zinavyopata uwezo wa kustahimili joto, jibu huwa lile lile: "Yaani umeliacha jua la kwetu ukaja kwenye baridi hii kusomea joto?" Watu hucheka, nami nacheka nao, kisha mazungumzo yanarudi kwenye mpira. Safari hii mhariri amenikaba. Anataka niandike, tena kwa Kiswahili, bila kujificha nyuma ya Kiingereza cha maabara. Haya basi, nitajaribu.

Na kwa taarifa tu, joto lenyewe limeshatufuata hadi huku. Tarehe 19 Julai 2022 kituo cha Coningsby, Lincolnshire, kilipima nyuzi joto 40.3, ikawa mara ya kwanza kwa Uingereza kuvuka 40 tangu vipimo vianze. Waliokuwapo wanakumbuka treni zilivyofutwa na feni zilivyokwisha madukani. Sisi tuliotoka Tanga na Mombasa tulijifanya hatusikii, lakini usiku ule hakuna aliyelala.

Nianze na jaribio, maana ndilo lililonivuta kwenye kazi hii. Tunatumia mmea mdogo unaoitwa Arabidopsis, gugu la ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki, ambalo huku utaliona limeota hata kwenye nyufa za barabara. Hakuna anayelilima ale. Uzuri wake ni kwamba linamaliza maisha yake, kutoka mbegu hadi mbegu, ndani ya wiki sita hivi, na ndilo lililokuwa mmea wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake yote, mwaka 2000.

Unaotesha miche kwenye chumba cha nyuzi 22. Trei ya kwanza unaitoa hapo na kuipeleka moja kwa moja kwenye nyuzi 45 kwa saa mbili. Ikitoka, huoni kitu. Miche bado ni kijani na imesimama. Baada ya siku chache imepauka yote na kufa. Trei ya pili unaipeleka kwanza kwenye nyuzi 38 kwa saa moja na nusu, unairudisha kwenye 22 ipumzike saa mbili, ndipo unaitia kwenye nyuzi 45 zile zile kwa saa mbili zile zile. Hii inatetereka kidogo, kisha inatoa majani mapya na kuendelea na maisha.

Mbegu zote zilitoka kwenye pakiti moja na jeni ni zile zile. Hata joto la kuua lilikuwa lile lile. Kwa hiyo uhodari wa trei ya pili haukutoka kwenye mbegu peke yake, umetengenezwa ndani ya saa tatu na nusu. Na si Arabidopsis tu. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliandika kwamba miche ya soya, ambayo hufa ikikaa saa mbili kwenye nyuzi 45, huokoka kama imetangulia kukaa saa mbili kwenye nyuzi 40.

Wataalamu hutenganisha mambo mawili hapa. Kuna ustahimilivu wa asili, yaani kile ambacho mmea unacho hata kabla haujaonja joto. Na kuna ustahimilivu wa kujipatia, ule unaokuja baada ya joto dogo kutangulia. Huu wa asili una mabingwa wake. Kuna kimmea cha Death Valley kule California, kinaitwa Tidestromia oblongifolia, ambacho watafiti walikipima miaka ya 1970 mwanzoni wakakuta majani yake yanatengeneza chakula vizuri zaidi yanapofika nyuzi 47 hivi, joto ambalo lingeufanya mchicha wako ulale chini. Lakini mazao yetu mengi si mabingwa wa namna hiyo, yanategemea sana huu wa kujipatia. Na shambani joto haliji ghafla kama lilivyoikuta trei ya kwanza. Jua linapanda taratibu. Saa nne asubuhi mmea unaonja, saa nane mchana unakutana na lenyewe. Ndiyo kusema kila siku ya jua kali shamba zima linafanyiwa lile jaribio la trei ya pili.

Sasa, joto linaharibu nini hasa? Chemsha yai. Ule ute mwepesi unaona unageuka mweupe na kuganda, na hata ukiliweka yai kwenye friji mwezi mzima haliwi bichi tena. Ute wa yai ni protini. Kila protini ni mnyororo mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloipa kazi yake. Joto linaukunjua mnyororo, na sehemu za ndani, zile zisizopenda maji, zinajitokeza nje na kushikana na za jirani. Matokeo yake ni bonge. Seli ya mmea ina maelfu ya aina za protini, na si lazima ifikie joto la kuchemsha yai ili zile dhaifu zaidi zianze kulegea.

Moja ya zile dhaifu inatuhusu sana. Jani linapotengeneza sukari kwa mwanga wa jua hutumia kimeng'enya kinachoitwa rubisko, na rubisko nayo ina msaidizi wa kuifungua pale inapokwama. Rubisko yenyewe ni ngumu, inavumilia. Msaidizi wake ndiye anayelegea mapema. Kwa hiyo jani linaweza kuwa kijani kabisa, maji lina, jua lipo, na bado kazi ya kutengeneza chakula imepungua kwa sababu fundi mmoja mdogo ameanguka. Naomba ulikumbuke hili la jani kuwa kijani, tutalirudia.

Kitu cha pili ni utando. Wale mnaoletewa mafuta ya nazi kutoka nyumbani mnajua yanavyoganda kwenye kabati huku, hadi uyachote kwa kisu, wakati ya alizeti pembeni yake ni maji. Tofauti ni umbo la minyororo ya mafuta. Ya nazi mingi imenyooka, inapangana vizuri kama kuni, hivyo huganda upesi. Ya alizeti imepinda, haipangani. Sasa kila seli imezungushiwa utando wa mafuta, na ndani yake kuna tando nyingine tele, kwenye kloroplasti na kwenye mitokondria. Joto likipanda utando unalegea kupita kiasi na kuanza kuvuja. Mmea uliokaa siku kadhaa kwenye joto unabadilisha mafuta yake, unapunguza yale yaliyopinda sana. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walizima kwenye tumbaku jeni inayotengeneza mafuta yaliyopinda mara tatu ndani ya kloroplasti, na mimea hiyo ikalimudu joto kuliko wenzake. Ukifikiria, ni sawa na kuhama kutoka alizeti kwenda nazi.

Kuna na uharibifu wa oksijeni kali, ile inayotoroka pale mitambo ya kloroplasti inapoyumba, ikachoma kila inachokigusa. Mmea huongeza vimeng'enya vya kuizima. Napita haraka hapa kwa sababu habari hii ni ndefu na haihusu joto peke yake. Ukame na chumvi huleta kero ile ile.

Turudi kwenye protini. Seli inajuaje kwamba joto limekuja? Dalili mojawapo ya mwanzo ni utando wenyewe: ukilegea, milango ya kalsiamu inafunguka, na kalsiamu inayoingia ni kama mbiu ya mgambo. Lakini utaratibu ninaoupenda zaidi ni mwingine.

Ndani ya seli kuna protini ambazo siku zote, hata siku ya baridi, kazi yao ni kusimamia protini nyingine zijikunje vizuri na zisishikane ovyo. Kwa Kiingereza wamezipa jina la mtu anayemsindikiza binti asipate mabaya. Mimi naziita wapambe. Sisemi wale wa wanasiasa. Nasema wapambe wa harusi, wale wanaokaa na bibi harusi, wakamweka vazi sawa, wakahakikisha hakanyagi pindo lake akaanguka mbele za watu. Wapambe wakubwa wanaitwa HSP70 na HSP90. Namba ni uzito wao katika kipimo cha wakemia, na herufi maana yake ni protini za mshtuko wa joto.

Kuna kundi jingine linaitwa HSF. Hizi ni protini za kuwasha jeni. Siku ya kawaida wapambe wamezishika HSF, hazifurukuti. Joto linapokuja, protini nyingi zinaanza kukunjuka kwa mpigo, na wapambe wanaziacha HSF na kukimbilia huko kwenye ajali. HSF zikiachwa huru zinaungana tatu tatu, zinaingia kwenye kiini cha seli, zinajishikiza kwenye alama fupi za DNA na kuwasha jeni za kutengeneza wapambe zaidi. Wapambe wakishaongezeka na ajali zikapungua, wanarudi kuzishika HSF, na swichi inazimika. Ona ufundi huo: seli haihitaji kipimajoto hapo, inapima hasara.

Binadamu naye ana HSF, lakini chache, hazifiki 10. Arabidopsis, gugu lile la kwenye ufa, lina 21. Huenda si ajabu, kwani wewe ukipigwa na jua unahamia chini ya mwembe, na mwembe wenyewe hauna pa kuhamia.

Mfumo huu haukugunduliwa kwenye mmea. Mtaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza kromosomu za nzi wadogo wa matunda. Siku moja mwenzake maabara aliongeza joto la kabati la nzi, na Ritossa alipotazama kwenye hadubini akaona sehemu za kromosomu zimevimba mahali ambapo hazijawahi kuvimba, dalili kwamba jeni za pale zimewashwa. Alichapisha mwaka 1962, na kwa muda mrefu wengi hawakuona lina maana gani. Protini zenyewe zilionekana mwaka 1974, na miaka ya 1980 ilipoanza ndipo zikaonekana kwenye soya na tumbaku. Nasimulia haya kwa ajili ya wale mnaoandika tasnifu na kila wiki msimamizi anawauliza "umuhimu wake nini?"

Je, tunajuaje kwamba wapambe hawa ndio walioiokoa trei ya pili? Huenda ni sadfa tu, joto linakuja na wao wanakuja. Jibu lilipatikana mwaka 2000, kwa mpambe mmoja anayeitwa HSP101. Elizabeth Vierling na wenzake huko Marekani walitafuta miche ya Arabidopsis iliyopoteza uwezo wa kujipatia ustahimilivu, wakapata mmoja ambao kasoro yake ilikuwa kwenye jeni ya HSP101. Mmea huo kwenye nyuzi 22 unakua vizuri, huwezi kuutofautisha na ndugu zake. Uonjeshe nyuzi 38, upumzishe, kisha uutie kwenye 45: unakufa kama ule ambao haukuonjeshwa kitu. Mafunzo yote yamepotea bure kwa kukosekana protini moja.

Kazi ya HSP101 ni ile tuliyodhani haiwezekani, kulirudisha yai bichi. Ni pete ya vipande sita yenye tundu katikati. Inashika ncha ya mnyororo ulionaswa kwenye bonge na kuuvuta kupitia tundu hilo, kama unavyovuta uzi kwenye jicho la sindano, na nguvu ya kuvutia inalipiwa kwa ATP, ile sarafu ya seli tuliyokariri sekondari. Mnyororo ukitoka upande wa pili HSP70 anaupokea, unakunjwa upya na kurudi kazini. Haifanyi hivyo peke yake. Kabla yake huwa zimefika HSP ndogo ndogo, ambazo mimea inazo nyingi kuliko viumbe wengine wengi. Hizi hazikunji kitu, zinajibandika tu kwenye protini zinazoanza kukunjuka ili bonge lisije likawa gumu la kushindikana. Kwa hiyo ile trei ya pili, ilipofika nyuzi 45, protini zake nazo zilikunjuka. Tofauti ni kwamba ilikuwa na watu wa kuzikunja tena.

Mtu atauliza: kama ni hivyo, kwa nini mmea usikae na wapambe wengi mwaka mzima? Kwa sababu wanagharimu. Kila protini unayotengeneza ni naitrojeni na nguvu ambayo ingekwenda kwenye jani au punje. Imeonekana zaidi ya mara moja kwamba ukizilazimisha swichi za dharura ziwake muda wote, mmea unastahimili kweli, lakini unadumaa. Si kila jeni inayoongezwa huleta tatizo hilo. Mwaka 2003 watafiti wa India waliiingiza HSP101 ya Arabidopsis kwenye mpunga wa basmati, na mimea hiyo ikarudia kukua vizuri zaidi baada ya joto kuliko ile ya kawaida. Lakini kwa ujumla mmea unapendelea kujiandaa ukionywa na kuacha onyo likipita.

Na kuacha huko kuna muda wake. Ukiipumzisha ile trei siku kadhaa badala ya saa mbili, kinga inapungua hadi inakwisha. Wataiwani waligundua mwaka 2006 protini nyingine, HSA32, ambayo kazi yake inaonekana hapo: mmea usio nayo unafaulu jaribio la mapumziko ya saa mbili, lakini ukipewa mapumziko marefu ya siku unafeli. Yaani kupata kinga ni jambo moja, kuitunza ni jambo jingine, na kila moja lina jeni zake. Sehemu ya kumbukumbu hiyo imewekwa kwenye vifungashio vya DNA, ambavyo huwekewa alama za kikemikali ili jeni fulani ziwake upesi joto likirudi. Wenzangu wanaosoma saikolojia wakisikia neno kumbukumbu kwa mmea hukunja uso. Sina neno bora zaidi.

Hapa ndipo habari hii inaponigusa mwenyewe. Baba yangu mdogo analima mahindi Kongwa, mkoani Dodoma. Msimu mmoja alinunua mbegu ambayo muuzaji alimhakikishia inastahimili joto. Kweli, shamba lilipendeza. Katikati ya msimu lilikuja joto kali, wiki nzima na zaidi, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Majani hayakuungua. Wakati wa kuvuna sasa, kila hindi analolimenya lina mapengo, mengine punje za kuhesabu kwa vidole. Akanipigia simu. "Mwanangu," akasema, "si wewe unayesomea mambo haya? Shamba lilikuwa kijani hadi mwisho. Sasa hilo joto limepitia wapi?"

Mapengo huletwa na mambo mengi, lakini kwa alivyonieleza wiki ile ya mbelewele, jibu nililompa lilikuwa moja: limepitia kwenye chavua.

Kila uzi wa ndevu za hindi unakwenda kwenye punje moja. Punje ile ili iwepo, chembe ya chavua lazima itue kwenye ndevu, iote, ishushe mrija hadi chini. Chembe hiyo ni seli tatu tu, imeachana na mama yake, inapeperushwa na upepo kwenye jua. Na ndiyo iliyo maskini kuliko zote kwa wapambe. Mwaka 1984 watafiti walipitia viungo vya mhindi kimoja kimoja, mizizi, majani, kiini cha mbegu, wakavipa nyuzi 40 waone nani anatengeneza protini za mshtuko wa joto. Karibu viungo vyote vilitengeneza zile za kawaida. Chavua inayoota haikutengeneza. Kile ambacho jani linajifunza asubuhi ili lipone mchana, chavua haina.

Kwa hiyo jani kijani na hindi lenye mapengo si mambo yanayopingana. Ni seli za mmea mmoja, moja imepata onyo na kulitumia, nyingine haikuwa na cha kulitumia. Mbegu inayosifiwa kwa kutazama majani tu imepimwa mahali ambapo mtihani ni rahisi.

Hasara yake shambani imepimwa. Mwaka 2011 David Lobell na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio ya mahindi zaidi ya 20,000 yaliyofanywa Afrika kati ya 1999 na 2007. Waliona kwamba kila siku moja ya nyuzi moja juu ya 30 inapunguza mavuno kwa asilimia 1 pale mvua inapotosha, na kwa asilimia 1.7 penye ukame. Ukisoma haraka ni namba ndogo. Sasa piga hesabu ya siku 10 zilizozidi kwa nyuzi 3 kila moja kwenye shamba kavu, uone unabaki na nini. Kwa makadirio yao, joto likiongezeka kwa nyuzi 1, kiasi cha asilimia 65 ya maeneo ya mahindi Afrika yatapata hasara hata mvua ikiwa nzuri, na penye ukame ni maeneo yote.

Kwa nini ukame unazidisha? Jani linajipoza kwa kutoa jasho kupitia vitundu vyake. Maji yakipungua ardhini vitundu vinafungwa, na jani linapanda joto kuliko hewa. Huko Texas, mwaka 1985, walilinganisha pamba iliyomwagiliwa na isiyomwagiliwa: ya kwanza majani yake yalikuwa kwenye nyuzi 30, ya pili kwenye 40, na hiyo ya pili ndiyo iliyokutwa imejaza protini za mshtuko wa joto. Anga ni moja, jua moja, na kati ya majani hayo kuna tofauti ya nyuzi 10 iliyoletwa na maji tu.

Ndiyo maana ushauri niliompa baba mdogo haukuwa wa kimaabara hata kidogo. Matandazo yabaki shambani, asichome mabua. Asipande mbegu ya aina moja siku moja shamba zima; agawe, nyingine ya muda mfupi, nyingine ya muda wa kati, ili mbelewele zisianguke zote kwenye wiki moja ya joto. Mhindi mmoja humwaga chavua kwa wiki moja hivi tu, hivyo hata siku 10 za tofauti zinaweza kuokoa nusu ya shamba. Akanijibu kwamba babu alikuwa akifanya hivyo hivyo. Sikubishana naye. Na akienda tena dukani, amuulize muuzaji swali moja: hii ilipimwa joto ikiwa imefikia wapi, mche au mbelewele?

Swali hilo watafiti wa maharage walishalifanyia kazi. Maharage ya kawaida yanachukia usiku wenye joto, maua yanapukutika bila kushika. Mwaka 2015 kituo cha CIAT cha Kolombia kilitangaza aina 30 zinazostahimili joto, nyingi zikitokana na kuyavusha maharage ya kawaida na ndugu yao anayeitwa tepari, zao la kale la maeneo makavu ya kaskazini mwa Meksiko na kusini magharibi mwa Marekani. Hapo kinachotazamwa ni kama chavua imebaki hai na kama ganda limeshika; ukijani wa jani hautoshi. Kwenye mahindi kazi ni ngumu zaidi, lakini inaendelea, na sehemu ya kazi inayofanana nayo, ile ya ukame, inafanyika karibu na nyumbani: kwenye kituo cha Kiboko, Makueni, mahindi hupandwa kiangazi kwa makusudi, yanamwagiliwa, kisha yanakatiwa maji wakati wa kuchanua.

Wale mnaorudi nyumbani kufundisha baiolojia, lile jaribio la soya halihitaji maabara ya kifahari. Soya za kuotesha, ndoo mbili za maji ya moto, kipimajoto na saa ya ukutani vinatosha, ila itabidi mtu akae karibu akiongeza maji ya moto kidogo kidogo ili nyuzi zisishuke. Weka miche kwenye mifuko ya plastiki isilowe. Anayetaka kujaribu kabla hajasafiri anitafute siku ya kikao. Arabidopsis siwezi kumpa, hiyo ina taratibu zake, lakini soya ninazo kilo mbili na nusu chini ya kitanda.